Wa Kijani na wa Zambarau

Televisheni ina harufu yake, ila watoto wa siku hizi hawaijui. Ile niliyoijua mimi ilinukia vumbi lililopata moto, petroli ya jenereta na maharage makavu, kwa sababu ilikaa katika ghala la maharage la Baba mdogo Gervasi, pale Kibondo, na iliwashwa Jumapili tu baada ya misa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa kiangazi, majira ambayo milima yetu hujaa moshi wa mapori yanayochomwa na jua la asubuhi hubaki jekundu muda mrefu. Madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia ili picha ionekane vizuri, na kwenye matundu ya magunia yale ilipenya miale myembamba ya jua, ikasimama hewani juu ya vichwa vya watu. Mimi na rafiki yangu Jenerose tulikaa juu kabisa, kwenye lundo la magunia yaliyojaa. Kutoka huko tuliwaona watu wote: watu wa mjini, wakimbizi wa Burundi waliotoka kambini kuja sokoni, akina mama na watoto mgongoni, na mbele yao ule mwanga wa kijivu uliotetemeka kwenye kioo. Nikifumba macho hata leo nalisikia jenereta likikohoa nje.

Baba mdogo alikuwa dereva wa lori, na madereva ndio waliotuletea dunia. Televisheni aliinunua Kasulu kwa mwalimu mmoja aliyechoshwa nayo kwa sababu haikuwa na rangi, yaani kila kitu kilionekana cheusi, cheupe au kijivu. Deki ya video aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akihudumia wakimbizi, mkataba wake ulipokwisha, pamoja na mikanda michache. Mkanda wa mpira ulikatika mapema. Mkanda wa kwaya ulikuwa unaimba kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Ukabaki mmoja tu uliokuwa mzima, kipindi cha watu wa sayari nyingine, na huo tuliutazama kila Jumapili bila kuuchoka, kama tunavyokula ugali kila siku bila mtu kulalamika. Kwa kuwa ulizungumza Kiingereza, palihitajika mtu wa kutafsiri, na mtu huyo alikuwa Mwalimu Nestori, baba yake Jenerose. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake nyembamba, suti yake ile moja aliyotoka nayo Burundi imepigwa pasi, na kila mtu kwenye kioo alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwalimu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wote wa angani wana lafudhi ya Kirundi.

Mwalimu na familia yake walikuwa wamepanga vyumba viwili vya uani nyumbani kwetu, na kulikuwa na jambo kuhusu wao ambalo halikusemwa. Nilipata kulisikia kwa sababu watu wazima husahau kwamba mtoto anayekoka moto ana masikio. Mwalimu alikuwa Mhutu, na mkewe, Mama Jenerose, alikuwa Mtutsi. Vita vilipofika kwenye kilima chao, watu wa upande mmoja walimtafuta mke, na watu wa upande wa pili wakamtafuta mume, ndipo wakakimbia pamoja na mtoto wao. Kambini hawakuweza kukaa. Huko walijaa watu waliofiwa, wenye uchungu usio na pa kuutua, na mwanamke wa upande wa waliowaua ndugu zao asingepona macho yao, pengine hata mikono yao. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiomba ruhusa ya mtu, alikata shauri: Mama Jenerose atakuwa binamu yake wa Kasulu, basi. Kwa majuma mengi alimkalisha jikoni akamfundisha Kiha chetu, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, lakini mtu wa hapa hutambua mgeni kwa neno moja tu. Alimfundisha kuamkia, kununa, hata kumtukana mbuzi aliyekula unga. Mimi nilionywa mara moja tu, na kwa jicho ambalo sikutaka kuliona tena: wakimjua, wataondoka, na huenda wasiondoke salama. Nilikuwa na umri wa kubeba ndoo, si wa kubeba siri, lakini niliibeba.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya mkanda. Chombo kirefu kilielea gizani bila sauti, kisha kikatua kwenye sayari yenye miezi miwili. Nahodha wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, mtu wa huku duniani. Huko akakuta watu wenye shingo ndefu na macho makubwa, waliogawanyika katika mataifa mawili, yaliyochukiana tangu zamani mno, kiasi kwamba hata ndege wa upande huu hawakuruhusiwa kutua upande ule. Mwalimu akatueleza kwa fimbo yake: hawa ni watu wa kijani, na wale ni watu wa zambarau, na wanachukiana kwa ajili ya rangi zao. Ghala zima likakaza macho. Kisha mwuza samaki mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, wa kijani ni yupi?"

Hapo ndipo tatizo lilipojulikana. Kwenye televisheni yetu wote walikuwa wa kijivu. Shingo zilezile, macho yaleyale, kijivu kilekile. Mwalimu mwenyewe hakuweza kuwatofautisha. Ilimbidi angoje mpaka waitane. Watu walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Mmoja wa wale watu alikuwa akimwambia mwenzake, kwa sauti ya Mwalimu, kwamba kumtazama tu kunamtia kichefuchefu, na ghala likajibu kwa kicheko, kwa sababu aliyesema na aliyeambiwa wangeweza kuwa mapacha. Kuna Jumapili Mwalimu alichanganya, akawapa wa zambarau maneno ya wa kijani kwa nusu ya kipindi. Hakuna aliyegundua, na hadithi ikaendelea vilevile. Wazee wa kambini, ambao mwanzoni walikaa kimya wamekunja mikono, ndio waliokuja kucheka kuliko wote, na kicheko chao nilikiogopa kidogo, maana kilikuwa kinaishia mahali ambapo cha kwetu hakikufika.

Tulikuwa na maelezo yetu pia kuhusu vita vile, na hayakuwa ya rangi. Nahodha aliwakutanisha wakubwa wa pande zote mbili mezani, akamimina maji katika vikombe viwili, akavisukuma mbele yao. Hakuna aliyegusa. Walitazamana tu, na muziki wa huzuni ukapigwa. Naamini aliyetengeneza kipindi alitaka tuone ukubwa wa chuki. Sisi tuliona ukosefu wa adabu wa nahodha. Kwetu, na kwa Warundi vilevile, anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa, ili ujue hakuna baya ndani yake. Sasa mwanamke ametoka sayari nyingine, anamimina maji, anasukuma vikombe na hajaonja! Nani atakunywa? "Onja kwanza, mama!" watu walimpigia kelele kila Jumapili ilipofika sehemu ile, na kila Jumapili nahodha hakusikia, na vita vikaendelea. Mwuza samaki aliapa kwamba angekuwepo mama yake pale mezani mambo yangekwisha siku hiyohiyo.

Na palikuwa na mtoto. Alitokea katikati ya kipindi, msichana mdogo mwenye shingo ndefu, akitembea peke yake kwenye uwanda mweupe kati ya mataifa yale mawili. Alibisha upande huu, wakamfukuza. Alibisha upande ule, wakamfukuza. Alisema maneno machache kwa sauti nyembamba, na Mwalimu akatafsiri, "Huyu ni mtoto wa jirani. Amepotea njia." Akina mama waliguna kwa huruma. Jenerose, pembeni yangu, hakuguna. Alikuwa akimtazama yule mtoto kwa namna ambayo sikumwona akitazama kitu kingine chochote, mdomo wazi, mkono umeshika kona ya gauni langu. Aliwahi kuniuliza, "Kama amepotea, kwao ni wapi?" Nikamjibu kwamba labda ni kwenye ule mwezi wa pili.

Mwezi ule wa pili ukawa wetu. Mchana wa siku za kawaida, baada ya kuanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba, tulilala katikati ya vipande vyake vyeupe, tukitazama juu. Moshi wa mapori ulifanya mbingu iwe ya kijivu, sawa kabisa na kwenye televisheni, na tulihisi mwamba unaelea taratibu kuiacha Kibondo. Jenerose alisema akiwa mkubwa ataishi huko ndani ya kioo, kwa sababu huko hakuna mtu anayeweza kumtambua mtu ni wa upande gani. Sikumwelewa vizuri, ila nilimkubalia, maana jua lilikuwa zuri na harufu ya mihogo inayokauka ilikuwa tamu, na nilimpenda. Nakumbuka sauti za mama zetu kutoka jikoni, mmoja akifundisha na mwingine akirudia, na vicheko vyao. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Ilivunjika Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi. Miongoni mwa watu wa kambini alikuwepo kijana mwenye shati jeupe na sauti ya upole, mkalimani wa wanaohudumia wakimbizi. Baadaye tulisikia kwamba ndugu zake wote waliuawa na askari huko kwao, na kwamba alikuwa hacheki. Siku hiyo yule mtoto wa angani alipotokea, na Mwalimu alipotuambia kama kawaida kwamba amepotea njia, kijana akainuka.

"Samahani, Mwalimu. Huyo mtoto hasemi amepotea. Anasema baba yake ni wa kijani na mama yake ni wa zambarau. Ni mara ya pili nakusikia ukiliruka hilo. Kwa nini?"

Fimbo ya Mwalimu ikabaki hewani. Kwenye kioo watu waliendelea kusema Kiingereza chao, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kuwasemea. "Kiingereza changu ni kidogo, mwanangu," alisema hatimaye, na hilo ndilo lililomwangusha, kwa sababu Kibondo nzima ilijua jinsi Mwalimu alivyokionea fahari Kiingereza chake. Alikuwa radhi kukosa chakula kuliko kusema ni kidogo. Nikaona vichwa vikigeuka. Vilimtazama Mwalimu, kisha, kimoja baada ya kingine, vikainuka kuelekea juu ya magunia, mahali tulipokaa. Jenerose aliinama akajificha nyuma ya bega langu. Nilijaribu kukaa wima niwe mkubwa.

Nje, uani, Mama Jenerose hakuwa na habari. Yeye na mama yangu waliuza pombe ya mtama kila Jumapili kwa watu waliotoka ghalani na koo kavu. Kijana yule alitoka wa kwanza. Mama Jenerose akachota kwa kibuyu, akapiga funda moja, akamkabidhi kwa mikono miwili, akitabasamu. Kijana hakupokea. Alimtazama usoni muda mrefu, kwa utulivu, kama mtu anayetafuta alipoweka kitu chake.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Kasulu."

"Kasulu ipi?"

"Kasulu ni Kasulu!" mama yangu akadakia, mikono kiunoni. "Ewe, umekuja kunywa au umekuja kupima viwanja?"

Watu walikuwa wameshajaa uani, na wote walikuwa wamesikia yaliyosemwa ndani. Kibuyu kilikuwa bado katikati, mikononi mwa Mama Jenerose, na nilimwona akielewa. Hakuna aliyemwambia kitu. Alielewa tu, kibuyu kikainama, pombe ikamwagika vidoleni mwake. Ndipo Jenerose, ambaye siku zote hakusema mbele ya wageni, akapiga kelele kutoka mlango wa ghala, kwa sauti iliyopasuka, "Ameonja! Si mmemwona ameonja!"

Kilichofuata nakithamini mpaka leo. Mwuza samaki alicheka, si kwa dhihaka, akasogea akakichukua kibuyu. "Huyu ana adabu kuliko yule nahodha," akasema, akanywa, akampa aliyekuwa nyuma yake. Mzee mmoja wa kambini alikunywa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikunywa. Kibuyu kikazunguka uani, kikarudi kikiwa kitupu, kikajazwa tena. Kijana wa shati jeupe aliangalia mpaka kikampita, akaweka mikono nyuma, akaondoka polepole kuelekea barabarani. Walikunywa wengi sana siku ile. Lakini Mama Jenerose hakuwaangalia waliokunywa. Alimwangalia yule asiyekunywa, mpaka akapotea kwenye moshi.

Waliondoka katikati ya juma, asubuhi, kwa lori la Baba mdogo. Baba mdogo alikuwa amepata habari za kambi ndogo iliyotengwa porini kwa ajili ya familia zilizochanganyika kama yao. Mama alimwomba Mwalimu asubiri kidogo. Watu wamekunywa, alisema, si uliwaona. Mwalimu akamjibu kwamba alishukuru, na kwamba aliwaona, lakini mtu mmoja anatosha. "Huko ninakokwenda," alisema, "kila nyumba ni kama yangu." Jenerose alikaa juu ya furushi la magodoro, hakulia, hakunipungia. Mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili. Televisheni iliwashwa Jumapili mbili tatu baada ya hapo bila wa kutafsiri, watu wakasinzia, halafu mvua zikaanza na Baba mdogo akalihitaji ghala.

Siku hizi naishi Kasulu, nafundisha shule ya msingi. Kila duka la chipsi lina televisheni kubwa ya rangi ambayo hakuna anayeitazama, bodaboda wanapigiana honi mpaka usiku, na sokoni mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anakuuzia kitenge kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani huku akikuita dada. Wanafunzi wangu wamechanganyika kiasi kwamba nimeacha kukisia nani wa wapi. Ningependa kusema tumepona. Ila katika simu za watu nasikia bado sauti zikisema maneno yaleyale ya zamani kuhusu pua za watu na vimo vyao, na yanayosemwa yanachekwa, tena kwa kicheko kibaya. Sijui kama tumepona au tumechoka tu.

Jenerose ni jirani yangu. Aliolewa na mtu wa kijiji cha Kagerankanda, mkulima wa mahindi, na mume huyo alipofungua duka hapa mjini walihamia wote, pamoja na Mama Jenerose, ambaye sasa ni bibi mzee. Mwalimu tulimzika miaka michache iliyopita. Jumamosi moja nilikuwa kwao, tunachambua mchicha sebuleni, mimi, Jenerose na mama yake, mlango wa mbele u wazi, mtoto mdogo wa Jenerose akaingia mbio kutoka kucheza. Darasani kwao walikuwa wametumwa kuwauliza wakubwa wao.

"Bibi, wewe ni kabila gani?"

Jenerose aliacha kuchambua. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Hata sikufikiri, miguu yangu ilinipeleka mlangoni kuufunga, mwanamke mzima mwenye mvi, kama yule mtoto wa darasa la tatu aliyebebeshwa siri.

"Uache wazi, mwana wanje," Mama Jenerose akaniambia, yaani mwanangu. "Kuna joto." Kisha akamvuta mjukuu karibu na goti lake. "Mimi ni Mtutsi," alisema, wala hakushusha sauti. "Babu yako alikuwa Mhutu. Kamwambie mwalimu wako hivyo."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile. Nilipogeuka, jirani wa nyumba ya pili alikuwa amesimama kizingitini na bakuli mkononi, mama mmoja aliyeingia nchini kutoka Burundi miaka ileile kwa njia ileile, na kwa uso wake nikajua alikuwa amesikia yote. Jenerose alikuwa ameshika jani la mchicha, halishuki wala halipandi. Jirani alimtazama bibi, akamtazama mtoto, kisha akalinyoosha bakuli.

"Bibi, nimeishiwa chumvi," alisema.

Mama Jenerose akampa.